Vitunguu Vinapogoma Kuwa Kahawia: Dalili, Chanzo na Namna ya Kuvinusuru

Mapishi mengi huandika hivi: "Kaanga vitunguu dakika 10 mpaka viwe vya kahawia." Ukiifuata saa hiyo utapata vitunguu vyeupe vilivyolegea, au utachochea moto kwa hasira uvipate vyeusi. Vitunguu vya kukaangwa polepole, vile vinavyotoka laini, vitamu na vyenye rangi ya sukari guru, vinataka dakika 45 kwa uchache kwa kilo 1. Kwenye sigiri (jiko la mkaa) yenye moto wa kubembeleza vinaweza kufika saa 1 na robo. Mwenye haraka apike kitu kingine siku hiyo.

Karibu matatizo yote yanayofuata yanatokana na maji au moto. Kitunguu kibichi ni maji kwa karibu asilimia 89, na sukari yake ni asilimia 4 hadi 5 hivi. Kilo 1 unayoimimina sufuriani, basi, imebeba karibu gramu 890 za maji, na mengi ya hayo sharti yatoke kwanza. Yakiwa bado yamo, joto la vitunguu haliwezi kupita kiwango cha maji kuchemka. Kampala, iliyo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi; Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda, karibu mita 2,000, ni nyuzi 93. Rangi tunayoitafuta hutoka pale sukari na protini za kitunguu zinapokutana kwenye joto (mmenyuko huo una jina la Louis-Camille Maillard, mkemia wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1912), na pia pale sukari yenyewe inapoanza kubadilika kuwa karameli. Yote mawili huenda kwa kujivuta maji yakiwepo, kisha hushika kasi sufuria inapokauka na joto kupanda nyuzi 110, 120 na kuendelea.

Kabla hujatafuta dalili yako hapa chini, inamia sufuria usikilize. Sauti nzito ya kutokota ni maji: bado hujafika popote, usitegemee rangi. Sauti kali na nyembamba ya mafuta ni dalili kwamba maji yamepungua na rangi iko njiani. Ukisikia mlio wa kupasukapasuka mdogo huku harufu inageuka kutoka ya kitunguu kibichi kuwa ya kitu kitamu, usiondoke jikoni hata kama simu inaita. Sikio litakusaidia kuliko saa, kwa sababu saa haijui sigiri yako ina mkaa wa aina gani.

Vimejaa maji, vinatokota tu, rangi haiji

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mtu. Tazama kwanza ukubwa wa sufuria. Kilo 1 ndani ya sufuria ndogo yenye kina kirefu ni rundo: vya chini vinatoa maji, mvuke unapanda, unakutana na vya juu vilivyo baridi, unarudi chini. Unavichemsha kwa maji yao wenyewe. Chukua chombo kipana, karai au kikaango, ambacho vitunguu vikitandazwa havizidi urefu wa vidole vitatu. Kama huna chombo kipana, gawa mara mbili. Watu hawapendi kuambiwa hivyo kwa sababu wanaona muda unaongezeka, lakini nusu kilo mbili zinaweza kuiva kabla ya kilo moja iliyosongamana.

Chanzo cha pili ni kifuniko. Kifuniko kina kazi yake, ila kazi hiyo ni ya dakika 10 za mwanzo tu: kinazuia mvuke ili vitunguu vilainike vyote kwa pamoja bila kuungua kingo. Baada ya hapo kinakuwa adui. Ukikifunua ukaona matone yananing'inia ndani yake, yafute kwa kitambaa, usiyarudishe sufuriani, na usikirudishe kifuniko chenyewe.

Cha tatu ni vitunguu vyenyewe. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, sokoni huletwa vitunguu vilivyong'olewa shambani bila kuanikwa vya kutosha. Vimejaa maji, na vitakuchelewesha robo saa nzima au zaidi. Namna ya kuvijua ni kukiminya kitunguu shingoni, pale majani yalipokuwa: shingo ikibonyea na ganda la nje likiwa na unyevu, hakijakauka. Kilichoanikwa vizuri kina shingo iliyosinyaa na ganda linalotoa mlio wa karatasi ukilisugua. Anayeuza kwa mafungu hupanga vizuri juu na vibaya chini, kwa hiyo sema mapema, na kwa adabu: "Nyabo (yaani mama), naomba unichagulie vyenye shingo kavu, nataka kuvikaanga." Mara nyingi atakuchagulia mwenyewe kutoka kwenye gunia, kwa kuwa umemwonyesha unajua unachonunua.

Chumvi hulaumiwa pia. Ni kweli chumvi inavuta maji nje, lakini maji hayo yangetoka tu. Nusu kijiko cha chai kwa kilo, mwanzoni kabisa, inasaidia vitunguu kulegea kwa usawa. Usiizidishe, kwa sababu kilo 1 itasinyaa mpaka gramu 200 au 250 na chumvi yote itabaki humo humo.

Kama tayari umeshajikuta na bwawa sufuriani, usimwage maji hayo. Yana sukari, na sukari hiyo ndiyo rangi yako. Ongeza moto mpaka wa kati, acha wazi, koroga kila baada ya dakika 2 au 3, na punguza tena moto mara tu sauti ya kutokota inapogeuka kuwa ya mafuta.

Kingo zimeungua, katikati bado vibichi

Hapa moto umetangulia. Kwa wapishi wa mkaa tatizo hili ni kubwa kuliko kwa wenye gesi, maana mkaa hauna kitufe. Mkaa mpya uliowashwa sasa hivi una nguvu ambayo kitunguu hakiihitaji kabisa. Makosa mengi huanzia kwenye mpangilio wa kazi: mtu anawasha sigiri, anaanza na vitunguu kwa sababu mapishi yameanza na vitunguu, kisha maharage yanakuja baadaye yakute moto umechoka. Pindua mpangilio. Moto mkali wa mwanzo upe maharage, chai au maji ya posho (ugali). Mkaa ukishavaa majivu meupe na ndimi za moto zimepotea, hapo ndipo vitunguu viingie.

Ukitaka kujua kama moto umefaa, shika kiganja juu ya sigiri pale kitako cha sufuria kitakapokaa, uhesabu polepole. Ukiweza kufika 6 kabla ya kuondoa mkono, weka sufuria. Ukishindwa kufika 3, bado. Unaweza pia kuufunga mlango mdogo wa hewa ulio chini ya sigiri na kunyunyizia majivu juu ya makaa. Moto unashuka ndani ya dakika chache na unakaa hivyo kwa muda mrefu. Wanaotumia makaa ya vumbi la mkaa lililofinyangwa na udongo wana bahati katika jambo hili: moto wake ni mdogo, hauchangamki, na unakaa saa nyingi. Kwa chapati unaweza kukuudhi, ila kwa vitunguu ndio hasa.

Sufuria nyembamba ya alumini nayo ina lake. Inapokea joto pale pale lilipo kaa la moto na kulipitisha moja kwa moja, kwa hiyo unapata duara jeusi katikati huku pembeni vitunguu vimelala. Weka kikaango kizito cha chapati juu ya sigiri kwanza, halafu sufuria yako ikae juu ya hicho kikaango. Chuma kinasambaza joto kabla halijafika kwenye sufuria. Ukiwa na kikaango kizito chenye kingo ndefu, pika humo humo na uache sufuria ipumzike.

Bado kuna kisu. Wengi wetu tunakata kitunguu mkononi, hewani, bila kibao, na mkono ukizoea unakuwa na kasi ya kupendeza macho. Kwa kachumbari haina neno. Kwa kazi hii ina neno, kwa sababu vipande vinatoka kimoja chembamba mno na kingine kinene kama kidole, na chembamba kitaungua wakati kinene bado ni kigumu menoni. Tumia kibao. Kata kitunguu nusu kupitia shingoni na mizizini, laza upande bapa chini, kisha kata vipande vya milimita 3 hadi 5 ukifuata urefu wake, kutoka juu kwenda mizizini. Vikikatwa kwa urefu vinashikilia umbo. Vikikatwa pete, nyuzi zake zinakatika na vinavunjika mapema.

Vilivyokwisha kuungua kingo utavichambua ukiweza, ushushe moto, uongeze vijiko 2 vya maji na ufunike dakika 5 ili vilivyobaki vilainike. Kama theluthi nzima imekuwa nyeusi, usijidanganye. Uchungu huo utasambaa.

Vinashika chini ya sufuria

Usiogope mapema. Ule utando wa kahawia unaoganda kwenye kitako ni sukari na utomvu wa kitunguu uliokauka, na ndani yake ndimo ilimo ladha nyingi kuliko mahali pengine popote sufuriani. Kazi yako ni kuurudisha kwenye vitunguu kabla haujawa mweusi.

Inafanyika hivi. Vitunguu vimeanza kupata rangi, mwiko unaanza kukwama, na ukivisogeza pembeni unaona kitako kimejipaka rangi ya kahawia. Mimina vijiko 2 vya maji pale palipopakwa, si juu ya vitunguu. Yatalia na kutoa mvuke. Hesabu tatu, kisha kwangua kwa ncha bapa ya mwiko wa mbao. Utando unalegea, maji yanageuka rangi ya chai, na ukichanganya, vitunguu vinameza rangi hiyo na kukolea mara moja mbele ya macho yako. Viache tena dakika 4 au 5 vishike, rudia. Kila mzunguko unaongeza rangi. Kilo 1 inaweza kutaka mizunguko minne, mitano au zaidi, na hakuna njia nyingine inayokupa kahawia iliyosambaa sawasawa kwenye sufuria zetu hizi.

Jinsi ya kutofautisha utando mzuri na ulioungua: mzuri unalegea ukipata maji, na maji yake yana utamu. Ulioungua haubanduki, au unabanduka vipande vyeusi vigumu, na harufu yake inachoma pua. Chovya kijiko uonje yale maji. Yakiwa machungu, acha kukwangua hapo hapo. Hamisha vitunguu vya juu kwenye chombo kingine bila kugusa kitako, na uendelee huko.

Wapo wanaomimina mafuta zaidi kila vinaposhika. Mafuta hayayeyushi ule utando, kwa sababu sukari haiyeyuki kwenye mafuta. Ni maji tu yanayoweza, au mchuzi wa nyama ukiwa nao.

Vimekuwa rojo

Umevifunika kwa muda mrefu, au umevikoroga bila kupumzika, au umevikata vyembamba mno. Koroga kila baada ya dakika 3 hadi 5 hatua za mwanzo, na mwishoni ndipo ukaze.

Lakini mara nyingi rojo hutoka kwenye ile poda ya kuokea mandazi, soda. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukitia soda vitunguu vinakuwa kahawia upesi. Ushauri huo ni wa kweli: soda inapunguza asidi, na mmenyuko wa rangi unakwenda mbio zaidi mahali pasipo na asidi. Isipokuwa soda hiyo hiyo inavunja pektini, gundi inayoshika kuta za seli za kitunguu, ndiyo maana hata maharage yaliyotiwa magadi huiva haraka na kupasuka. Robo kijiko cha chai kwa kilo ndio mwisho. Ukizidisha unapata uji wa kahawia wenye ladha ya sabuni, na ladha hiyo haina dawa. Mimi siitii, ila kama vitunguu vinakwenda kusagwa ndani ya mchuzi, sioni ubaya.

Rojo isiyo na ladha ya sabuni usiitupe. Ni msingi mzuri wa mchuzi wa karanga au wa nyama.

Vimebaki vigumu, vinakakamaa

Uliweka nyanya, limau, ndimu au siki mapema. Asidi hufanya kinyume cha soda: inaikaza ile pektini na inachelewesha rangi. Ndiyo maana vitunguu vilivyotangulizwa nusu nusu, kisha nyanya zikafuata haraka, havilainiki tena hata upike saa nzima. Nyanya zingoje mpaka vitunguu vimalize kazi yao.

Rangi ya ajabu: kijani, kijivu, zambarau

Vitunguu vingi vya masoko yetu ni vyekundu, viwe vya Kasese, vya milima ya Elgon au vilivyovuka mpaka wa Mutukula kutoka Tanzania. Wekundu huo ni rangi inayoitwa anthosayanini, nayo inabadilika kufuatana na inachokutana nacho. Kwenye asidi inang'aa nyekundu. Kwenye soda au magadi inageuka samawati mpaka kijani, na mtu akifunua sufuria anadhani vimeoza. Havijaoza. Matone machache ya ndimu yanarudisha rangi, na wakati huo vitunguu viwe vimeshalainika, kwa sababu niliyoieleza hapo juu.

Kijivu au zambarau chafu kwenye sufuria ya alumini tupu au karai la chuma ni rangi hiyo hiyo imekutana na madini ya chombo. Kwa kawaida inafunikwa na kahawia kadiri muda unavyokwenda. Tegemea pia kwamba vitunguu vyekundu vitaishia na rangi nzito zaidi, kahawia yenye wekundu, kuliko vile vya ganda la manjano unavyoviona kwenye picha za kigeni. Usiendelee kuvipika ukitafuta rangi ya picha, wala usivitoe mapema ukidhani vimeungua. Onja.

Vichungu

Ukionja uchungu, ulizia mambo matatu. Kitunguu saumu kiliingia lini? Kikiingia pamoja na vitunguu mwanzoni kinaungua kabla vya kwako havijapata rangi. Nafasi yake ni dakika 1 au 2 za mwisho. Binzari na viungo vya unga vivyo hivyo. La pili, je, vitunguu vilikuwa vimechipua? Chipukizi la kijani katikati lina ladha kali inayobaki. Litoe ukipasua kitunguu. La tatu ni vile vipande vyeusi vya kitakoni, ambavyo tumeshavisema.

Sukari haiondoi uchungu wa kuungua. Unapata kitu kitamu na kichungu kwa pamoja. Samahani kwa mwenye kilo yake, lakini hapo ni kuanza upya.

Havina utamu

Huenda hukuvifikisha. Vya rangi ya dhahabu vimeanza tu. Utamu unakolea maji yanapokaribia kwisha na ujazo umebaki robo ya ulioanza nao.

Watu hudhani kitunguu kinachowaliza machozi hakiwezi kuwa kitamu, wakaenda kutafuta kilicho poa. Ukali ni habari ya misombo ya salfa, na hiyo inaruka kwenye joto. Sukari ni habari nyingine. Vitunguu vikali vya kuhifadhi ghalani mara nyingi vina sukari sawa na vile vipoa, au kuzidi. Tunapokula vibichi tu ndipo ukali unapouficha utamu. Kwa hiyo nunua vikali bila wasiwasi, lia kidogo, kaanga.

Kuongeza sukari si dhambi. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo, dakika 10 za mwisho, kinasaidia vitunguu vya mvua vilivyokosa nguvu. Ukiitia mwanzoni inatangulia kuungua, na utakuwa na rangi ya haraka juu ya vitunguu vibichi, jambo linalodanganya macho. Sukari guru iliyokwanguliwa inaleta ladha nzuri zaidi kuliko nyeupe, hasa kama vitunguu vinakwenda juu ya maini au muchomo (nyama choma).

Vinaelea kwenye mafuta

Vijiko 3 vya chakula kwa kilo vinatosha. Mwanzoni vinaonekana vichache, kisha vitunguu vikisinyaa mafuta yanajitokeza. Ukiwa umezidisha, inamisha sufuria, sukuma vitunguu juu, chota mafuta uyaweke. Mafuta hayo yamejaa harufu. Yapikie mayai kesho yake.

Mafuta ya alizeti yanafaa, na samli inafaa zaidi kwa ladha. Siagi ya kawaida ina mabaki ya maziwa ambayo yanaungua mapema, kwa hiyo ichanganye na mafuta au uitie mwishoni.

Vimekauka na kuvunjika

Hivi si vibaya, ni chakula kingine. Vitunguu vya kunyunyiziwa juu ya biriani hukaangwa kwa mafuta mengi na moto mkubwa zaidi mpaka vikauke, na hiyo huchukua robo saa hivi. Vya polepole vinabaki na unyevu. Ukiona vyako vinakauka kabla ya kuwa laini, moto ni mkubwa au mafuta ni machache mno; tia vijiko 3 vya maji, funika dakika 5, shusha moto.

Pilau imesimama katikati ya hivi viwili. Rangi ya pilau ya kweli hutoka kwenye vitunguu, si kwenye vidonge vya mchuzi wala sosi ya soya, na pilau nyingi zinazotoka nyeupe siku ya Idi zimeharakishwa hapo hapo mwanzoni. Kwa kilo 1 ya mchele tumia vitunguu vikubwa 4 au 5, vikaange kwa moto wa kati mpaka vifike kahawia iliyokolea bila kuwa nyeusi, kisha mara moja tia nyama au kikombe cha supu ili kuzima joto. Usipovizima vinaendelea kuungua kwa joto la mafuta peke yake hata ukiepua sufuria, na sekunde hizo chache ndizo zinazotenganisha pilau yenye harufu nzuri na pilau chungu.

Vilikuwa vizuri jana, leo vina harufu

Vilikaa nje. Vitunguu vilivyopikwa na kuzamishwa kwenye mafuta ni mahali pasipo na hewa, pasipo na asidi ya kutosha, na kwenye joto la jikoni letu vinaweza kuota bakteria wa sumu ya botulini, ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida na ambao si lazima watoe harufu. Usiviweke kabatini kwenye chupa ya mafuta ukidhani mafuta yanahifadhi. Vipoze, viingie kwenye friji ndani ya saa 2, vikiwa kwenye chombo kifupi na si rundo, na viliwe ndani ya siku 3 hadi 4. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa kama saa 4.

Kugandisha ni bora zaidi. Gawa vijiko viwili viwili kwenye vifuko vidogo, vibonyeze viwe bapa, vitakaa miezi 3 bila kupoteza ladha. Asiye na friji apike vya siku hiyo: vitunguu 3 vikubwa vinatoa vya kutosha watu 2, na vinaiva kwa nusu saa hadi dakika 40.

Ukivitumia kwenye rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga), vipashe kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka unyevu wa friji uishe, mwaga mayai, ngoja mayai yashike, ndipo uvitandaze juu kabla ya kuweka chapati. Ukivichanganya ndani ya mayai mabichi vinateremka chini, sukari yake inagusa chuma, na rolex inang'ang'ania kikaango.